Kubadili jina kwenye skrini hakumtoi mwenye kompyuta wa zamani

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua tuseme na wanunuzi, wauzaji na mafundi wenzetu wa hapa Lubumbashi juu ya kazi moja inayofanywa kwa haraka dukani na kuleta hasara nyumbani. Mtu ananunua kompyuta iliyokwisha tumika, anaiwasha, na kwenye skrini linatokea jina la mtu asiyemjua: Benoît, Petra, au Magasin 2. Anamwambia muuzaji. Muuzaji anamwita kijana wake, kijana anabonyeza mara tatu nne, jina linabadilika, mteja analipa na kwenda zake Katuba au Ruashi akiamini mashine sasa ni yake. Kilichobadilika ni maandishi tu. Benoît bado yumo ndani, na mara nyingine mali ya mwenye mpya inaanza kumfuata huko aliko.

Windows haimjui mtumiaji kwa jina. Inamjua kwa namba ndefu inayoanza na S-1-5-21, ambayo akaunti hupewa siku inapoundwa na ambayo haibadiliki mpaka akaunti ifutwe. Ruhusa zote za faili zimefungwa kwenye namba hiyo. Juu ya namba kuna jina la akaunti, lile ambalo mfumo wenyewe unalitumia. Kuna pia jina kamili, ambalo ndilo linaloonekana unapoingia. Na kuna folda ndani ya C:\Users, yenye nyaraka, picha, mipangilio ya programu na kila kitu alichokiacha mtu. Vyote hivyo vinaweza kuwa na majina tofauti na mashine isilalamike hata kidogo.

Njia inayotumika madukani (majina ya vitufe tunayaandika kama yalivyo kwenye Windows ya Kifaransa), yaani Panneau de configuration, kisha Comptes d'utilisateurs, kisha Modifier votre nom de compte, inagusa jina kamili peke yake. Anayetaka kuhakikisha afungue Invite de commandes, lile dirisha la kuandikia amri, aandike whoami, kisha echo %USERPROFILE%. Amri ya kwanza inaonyesha jina halisi la akaunti, ya pili inaonyesha folda. Kwenye kompyuta iliyobadilishwa kwa njia hiyo, zote mbili bado zitasema benoit wakati skrini inasema Mwamba. Ni kubandika kibao kipya mlangoni na kumwachia mpangaji wa zamani ufunguo wake.

Tuanze na hasara isiyoonekana, maana ndiyo kubwa. Kama Benoît alikuwa anaingia kwa akaunti ya Microsoft, yaani kwa barua pepe yake, huenda OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, bado inafanya kazi kwa jina lake. Ikiwa aliiweka ihifadhi nakala za folda, basi kila unachoweka kwenye Bureau, Documents na Images kinapanda kwenye hifadhi yake ya mtandaoni mara mashine inapopata intaneti. Picha ya kadi yako ya mpiga kura, barua ya kuomba kazi, orodha ya wadeni wa duka: vyote vinamfikia, naye anaweza kuvifungua kwenye simu yake. Hifadhi ya bure ni gigabaiti 5 tu. Ikijaa, mnunuzi anaona onyo kwamba nafasi imekwisha, anashangaa ni nafasi gani, maana diski yake ina nafasi tele. Na Benoît akisafisha hifadhi yake kwa kufuta faili asizozijua, zinafutika na kwenye kompyuta yako, kwa sababu OneDrive husawazisha pande zote mbili.

Kivinjari ni hivyo hivyo. Tazama duara dogo lililoko juu kulia kwenye Chrome, au juu kushoto kwenye Edge: kama lina picha au herufi ya mtu mwingine na usawazishaji umewashwa, maneno ya siri unayoyahifadhi na kurasa unazozitembelea zinaingia kwenye akaunti yake. Upande wa pili nao haufai. Kwa kuwa neno la siri la akaunti halikubadilishwa, barua pepe yake na Facebook yake vinaweza kuwa vimebaki wazi, na maneno yake ya siri yanasomeka kwenye mipangilio ya kivinjari. Nchi yetu ina Code du numérique, Ordonnance-loi n° 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inayolinda data binafsi za watu. Muuzaji anayekabidhi mashine yenye barua za mtu mwingine anamtwika mteja mzigo ambao mteja hakuuomba.

Tena, ikiwa akaunti ile ya Microsoft ni ya msimamizi, yaani yenye mamlaka yote juu ya mashine, na Localiser mon appareil imewashwa, mwenye zamani anaweza kuona mashine iko wapi na kuifunga kwa mbali. Si lazima awe mtu mbaya. Anaweza kuwa amesahau tu kwamba aliiuza, akaona kifaa chake kiko Afrika, akadhani kimeibwa.

Kuna na suala la diski kusimbwa, yaani kufungwa kwa siri ili isisomeke bila ufunguo. Kompyuta nyingi za miaka ya karibuni husimba diski zenyewe mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, na ufunguo wa kuokolea, wenye tarakimu 48, unahifadhiwa kwenye akaunti hiyo hiyo. Mashine inafanya kazi vizuri miezi na miezi. Kisha fundi anabadilisha ubao mkuu, au anasasisha BIOS, programu ya msingi inayoiwasha mashine, au anazima Secure Boot, ulinzi wa wakati wa kuwaka, ili aweke Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, na skrini ya buluu inadai tarakimu 48 ambazo ziko kwenye akaunti ya mtu aliye Liège. Hapo hakuna fundi wa kuzikisia. Kwa hiyo, kabla ya kugusa jina lolote, fungua Invite de commandes kama msimamizi na uandike:

manage-bde -status C:

Ikionekana kwamba ulinzi umewashwa, andika manage-bde -protectors -get C: na unakili zile tarakimu kwenye karatasi, au uondoe usimbaji kabisa kwa manage-bde -off C: huku chaja ikiwa imechomekwa. Amri hiyo hairudishi kila kitu papo hapo. Inaendelea chinichini, na unaifuatilia kwa -status mpaka asilimia ifike 0.

Mashine zilizotoka kwenye makampuni zina jambo lao, nazo ni nyingi sokoni, kwa sababu makampuni hubadilisha kompyuta zao kwa mkupuo na kuuza za zamani. Andika dsregcmd /status na usome mistari ya juu. Penye AzureAdJoined au DomainJoined pakisema YES, mashine bado iko chini ya utawala wa kampuni, na kubadili jina la akaunti ni kujisumbua bure. Hata hivyo NO haitoshi kukutuliza. Kuna mashine zilizoandikishwa kwenye Autopilot, mpango wa Microsoft unaozitambua kwa alama za vipande vyake vya ndani. Unaifuta yote, unaweka Windows upya, hata unabadilisha diski, na ikipata intaneti tu inakukaribisha kwa jina la kampuni na kudai barua pepe ya mfanyakazi. Kuitoa humo kunafanywa na kampuni yenyewe, au na muuzaji mkubwa aliyekabidhiwa kazi hiyo, wala si na fundi wa mtaani. Njia ya kuigundua ni moja: ifutwe, kisha ianzishwe ikiwa imeunganishwa kwenye intaneti mbele ya mnunuzi. Anayeianzisha bila intaneti ili ionekane nzima anajua anachokificha.

Sasa, nini kifanyike? Kwa mashine nyingi zinazouzwa mjini jibu letu ni kwamba jina lisibadilishwe hata kidogo. Futa kila kitu, mwenye mpya aandike jina lake mwenyewe. Kwenye Windows 11 unaingia Paramètres, Système, Récupération, Réinitialiser ce PC. Kwenye Windows 10 Récupération iko chini ya Mise à jour et sécurité. Chagua Supprimer tout. Halafu inakuuliza kama unataka kupakua Windows kutoka mtandaoni au kutumia iliyomo: chagua iliyomo, Réinstallation locale, kwa sababu ile nyingine inaweza kula zaidi ya gigabaiti 4 za megabaiti zako. Kabla ya kuthibitisha, bonyeza Modifier les paramètres na uwashe Nettoyer les données. Bila hiyo, faili zinafutwa juu juu na programu za kurudisha faili zinaweza kuziibua. Pamoja nayo, diski ya kuzunguka ya gigabaiti 500 inaweza kuchukua saa kadhaa.

Hizo saa kadhaa ndizo zinazowashinda wengi. Betri ya kompyuta iliyotumika haina nguvu ya kuvuka kipindi kirefu cha kukosa umeme, na kazi ikikatikia katikati mashine inaweza isiwake tena mpaka upate fulashi ya kuweka Windows. Ianze asubuhi ikiwa kwenye invata au jenereta, usiianze jioni ukatumaini. Tena uwe na fulashi ya gigabaiti 8 karibu, iliyotayarishwa kwa programu ya Microsoft ya kutengenezea fulashi hizo, maana wakati mwingine kufuta kunagoma na ujumbe kwamba kumetokea tatizo na hakuna kilichobadilishwa. Kosa hilo mara nyingi linatokana na sehemu ya kuokolea kuzimwa au kuondolewa na aliyenakili diski kwa haraka. Jaribu reagentc /info. Ikisema Disabled, andika reagentc /enable na urudie. Ikikataa, tumia fulashi. Leseni usiiogope: kwenye mashine iliyokuja na Windows halali kutoka kiwandani, leseni imefungwa kwenye mashine yenyewe na itajirudisha ikipata intaneti, mradi uweke toleo lile lile, Home kwa Home, Pro kwa Pro.

Wakati wa kuanza upya kuna mtego mmoja mdogo unaowafanya watu warudi kulalamika juu ya jina lile lile. Ukiingia moja kwa moja kwa barua pepe, Windows inatengeneza folda kwa herufi tano za mwanzo za anwani hiyo. Mwenye kalenga.mwamba anajikuta na C:\Users\kalen, naye hakuchagua. Anayetaka folda yenye jina lake zima aunde kwanza akaunti ya ndani ya mashine, kisha ndiyo aiunganishe na barua pepe akipenda. Na jina liwe fupi, bila nafasi na bila é wala ï, kwa sababu programu za zamani hujikwaa kwenye njia za faili zenye herufi hizo.

Kuna hali ambapo kufuta hakufai. Mhasibu ameondoka ofisini na mashine yake ina programu ya hesabu ambayo diski yake ya kuiwekea haipo tena. Duka la dawa limeuzwa pamoja na kompyuta yenye orodha yote ya bidhaa na bei. Mama ameachiwa mashine na marehemu mume wake na anataka picha zibaki mahali pake. Hapo kubadili jina ni haki kabisa, lakini kufanywe mpaka mwisho.

Kwanza nakala ya kila kitu kwenye diski ya nje. Hili halina mjadala. Kisha, kama akaunti ni ya Microsoft, igeuzwe kuwa ya ndani: Paramètres, Comptes, Vos informations, Se connecter plutôt avec un compte local. Itadai neno la siri au PIN ya sasa, kwa hiyo ifanyike mwenye zamani akiwa bado anapokea simu. Toka pia kwenye OneDrive na kwenye vivinjari, na ndani ya Options de connexion ufute alama za vidole na uso, maana hizo zinabaki na akaunti hata jina likibadilika mara kumi.

Baada ya hapo unda akaunti ya pili ya msimamizi ya kufanyia kazi, kwa kuwa huwezi kuhamisha folda ya akaunti uliyomo. Watu wengi hukwama hapa. Wanafuata maelekezo ya Kiingereza yanayosema net localgroup Administrators, na Windows ya Kifaransa inajibu kwamba kundi hilo halipo, kwa sababu kwake linaitwa Administrateurs. Mashine iliyotoka Ujerumani inaliita Administratoren. Kuepuka usumbufu huo tumia namba ya kundi, ambayo ni ile ile kwa lugha zote. Fungua PowerShell, dirisha jingine la amri, kama msimamizi:

net user fundi NenoLaSiri /add
Add-LocalGroupMember -SID "S-1-5-32-544" -Member "fundi"

Anzisha mashine upya kwa Redémarrer. Usitumie Arrêter, kwa kuwa kuzima kwa kawaida kwenye Windows hakusafishi kila kitu, kutokana na kuwaka kwa haraka. Ingia kama fundi, na usiiguse akaunti ya benoit mpaka kazi iishe. Kisha badilisha jina la akaunti na jina kamili, maana kubadili moja hakubadilishi jingine:

Rename-LocalUser -Name "benoit" -NewName "mwamba"
Set-LocalUser -Name "mwamba" -FullName "Mwamba Kalenga"

Amri hizi zinafanya kazi hata kwenye Windows Home, ambayo haina lile dirisha la lusrmgr.msc linaloelekezwa na watu wengi. Neno la siri halibadiliki, faili hazipotei, kwa sababu namba ya S-1-5-21 ni ile ile. Kama kazi iliyokusudiwa ni mfumo kumtambua mtu kwa jina lake jipya tu, unaweza kuishia hapa, na sisi tunashauri wengi waishie hapa.

Folda ndiyo kazi ya hatari. Windows haina kitufe cha kuibadilisha jina, na kuna sababu: njia ya folda imeandikwa sehemu nyingi ambazo mfumo hauwezi kuzifuata zote. Anayeishikilia aanze kwa kuipa folda jina jipya ndani ya Explorateur, kutoka benoit kuwa mwamba. Ikikataa kwa kusema inatumika, kuna programu ya akaunti ile ambayo bado iko hai; anzisha mashine upya, usilazimishe. Kumbuka kwamba Explorateur ya Kifaransa inaonyesha Utilisateurs, lakini jina la kweli la folda kubwa ni Users. Anayeandika C:\Utilisateurs kwenye amri au kwenye rejista anaharibu kila kitu kwa herufi chache.

Halafu fungua regedit, programu ya kuhariri rejista ambamo Windows huweka mipangilio yake, nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion\ProfileList. Utaona namba kadhaa. Fupi fupi, kama S-1-5-18, ni za mfumo, ziache. Fungua zile ndefu moja moja mpaka upate ambayo ProfileImagePath yake ni C:\Users\benoit. Iandike C:\Users\mwamba, soma tena herufi kwa herufi, funga. Mwisho, ili programu zilizokariri njia ya zamani zisipotee, weka kiungo kutoka Invite de commandes, kwa kuwa PowerShell haiijui amri hii:

mklink /J "C:\Users\benoit" "C:\Users\mwamba"

Anzisha upya, ingia kama mwamba. Ukikosea herufi moja kwenye ProfileImagePath, mara nyingi Windows itakuingiza kwenye wasifu wa muda: Bureau tupu, picha ya nyuma ya kiwandani, na arifa kwamba haikuweza kuingia kwenye akaunti yako. Usianze kufanya kazi humo. Chochote utakachohifadhi ndani ya C:\Users\TEMP kinatupwa unapotoka. Rudi kwa fundi, fungua ProfileList: utakuta namba ya mwamba imeandikwa mara mbili, moja ikiwa na .bak mwishoni. Ile yenye .bak ndiyo ya kweli. Futa isiyo na .bak, ondoa .bak kwenye ya kweli, sahihisha njia, anzisha upya. Mafaili hayajaenda popote, na mteja aambiwe hivyo mapema kabla hajalia.

Hata kazi ikienda vizuri, kagua Outlook kama inatumia faili za .pst, zile za kuhifadhia barua pepe kwenye mashine, kagua njia za mkato za Bureau, na kagua programu ya hesabu, kwa sababu hizo ndizo hulalamika kwanza. Akaunti ya fundi usiifute siku hiyo hiyo. Ibaki wiki moja au mbili.

Na kuhusu neno la siri: fundi akililazimisha kubadilika kwa net user, bila kujua la zamani, maneno ya siri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari na faili zilizosimbwa kwa akaunti hiyo vinaweza visifunguke tena. Kwa mnunuzi asiyetaka vitu vya Benoît si hasara. Kwa ofisi iliyomtegemea mhasibu aliyeondoka inaweza kuwa hasara kubwa, kwa hiyo neno la siri litafutwe kwanza, libadilishwe kwa kulijua.

Kosa jingine la kila siku ni kuandika net user benoit /delete na kudhani umemaliza. Akaunti inakufa, folda inabaki na picha zote, na msimamizi yeyote anaisoma. Tumia Paramètres, Comptes, Autres utilisateurs, Supprimer, ukubali kufuta akaunti na data zake. Kama akaunti imeshafutwa kwa amri, endesha sysdm.cpl, nenda Paramètres système avancés, halafu Profils des utilisateurs, uufute wasifu uliobaki bila mwenyewe. Baadaye andika winver: kama bado inaonyesha jina la mtu au kampuni, badilisha RegisteredOwner na RegisteredOrganization kwenye rejista, hatua moja juu ya ProfileList. Jina la mashine nalo, ambalo majirani wanaliona kwenye Bluetooth, linabadilishwa kwa Renommer ce PC.

Wanafunzi tunawaomba waangalie Word. Kubadili jina la Windows hakubadilishi jina la mwandishi ndani ya Office. Mwanafunzi wa UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi, anaweza kuandika mémoire yake yote, yaani kazi ya kumalizia masomo, akaituma kwa msimamizi wake wa kazi, na kwenye sifa za faili mwandishi akawa ni Petra. Akiulizwa kazi hii ni ya nani, ataanza kujieleza kwa kosa ambalo si lake. Fichier, Options, Général: sahihisha Nom d'utilisateur na Initiales, na kama Office imeingia kwa akaunti ya mtu mwingine, toka kwanza. Faili ambazo zimekwisha andikwa zinasafishwa kwa Fichier, Informations, Inspecter le document.

Msaada wa Windows 10 ulimalizika tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazikubali Windows 11 kwa kukosa TPM 2.0, kipande cha usalama cha ndani ya mashine, au kwa uzee wa prosesa. Kwa hiyo Linux Mint na Ubuntu zimeanza kuonekana mezani, nazo zinakuja na majina ya watu vile vile. Huko kazi ni nyepesi zaidi. Ingia kwa akaunti nyingine yenye sudo, yaani ruhusa ya msimamizi, au kwa njia ya uokoaji ya GRUB, ile menyu ya wakati wa kuwaka, halafu:

sudo usermod -l mwamba benoit
sudo usermod -d /home/mwamba -m mwamba
sudo groupmod -n mwamba benoit
sudo chfn -f "Mwamba Kalenga" mwamba

Ikijibu kwamba benoit anatumiwa na mchakato fulani, hukutoka kwenye akaunti yake. Anayesahau -m anabaki na akaunti inayotafuta folda isiyokuwepo. Na kama mashine ilikuwa inaingia yenyewe bila kuuliza, jina la zamani bado limeandikwa kwenye /etc/lightdm/lightdm.conf au /etc/gdm3/custom.conf, lirekebishe huko.

Kwa Mac tunasema kifupi: mwenye zamani asipotoka kwenye iCloud na kuzima Localiser, usinunue. Kufuli lake haliondolewi kwa kubadili jina wala kwa kufuta diski.

Jambo dogo la kibodi linapoteza muda mwingi kuliko linavyostahili. Mashine za Ujerumani zina Z mahali pa Y, za Ubelgiji zina AZERTY ambayo @ yake iko AltGr na é, wakati ya Ufaransa iko AltGr na à. Mtu anaweka neno la siri jipya mpangilio ukiwa wa Kijerumani, fundi anabadilisha kuwa Kifaransa, na kesho yake neno la siri linakataliwa. Kabla ya kusema akaunti imeharibika, soma herufi tatu zilizoko chini kulia kwenye skrini ya kuingilia: DEU, FRA au ENG.

Kwa wauzaji, ombi letu ni hili. Kabidhini mashine ikiwa kwenye skrini ya kwanza kabisa, ile ya kuchagua nchi na kibodi, na intaneti ya simu iunganishwe hapo hapo mbele ya mteja ili kufuli la kampuni, kama lipo, lijitokeze kabla hela hazijabadilisha mkono. Kwenye risiti andikeni namba ya mashine, inayopatikana kwa Get-CimInstance Win32_BIOS au chini ya mashine yenyewe, na maneno kwamba akaunti zote za zamani zimefutwa. Mteja akikuta baadaye mashine inadai barua pepe ya kampuni, aje na karatasi hiyo dukani.

Mafundi wa kompyuta,
Lubumbashi